Hela ya Kukosa Kazi Haina Kesi, Kesi Iko kwenye Safari za Nyumbani

Mwezi wa kumi na mbili Moshi hubadilika. Barabara ya kutoka Himo inajaa magari ya watu wa Dar, bei ya mbuzi inapanda, na karibu kila ukoo unakuwa na mtu aliyeshukia uwanja wa ndege wa KIA na mabegi ya kilo ishirini na tatu. Watu hao huja na zawadi, na wengine huja na maswali ya karatasi. Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni vitabu vya wafanyabiashara wa hapa mjini. Lakini kwenye ukoo wetu, ukishaweza kusoma barua ya mamlaka ya kodi, TRA, bila kutetemeka, basi umekuwa mwanasheria wa karatasi zote za duniani.

Swali la safari hii lilikuwa la mdogo wangu. Anaishi Minnesota kwa grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, amefikia wakati wa kuomba uraia wa Marekani, na ana mambo mawili yanayomnyima usingizi. La kwanza, aliwahi kupokea mafao ya kukosa ajira: mara ya kwanza 2020, hoteli aliyokuwa akifanya kazi ilipofungwa kwa sababu ya korona, na mara ya pili miaka michache baadaye, sehemu nyingine ilipopunguza wafanyakazi. La pili, amekuja nyumbani mara nyingi, na safari moja ilirefuka kwa sababu mama alikuwa amelazwa hospitali ya KCMC, kisha akahitaji mtu wa kumwangalia nyumbani.

Kikao cha familia kilishatoa hukumu kabla sijafungua mdomo. Baba mdogo alisema hela ya serikali haiwahi kuliwa bure, lazima watamwambia yeye ni mzigo na kumnyima uraia. Kuhusu safari hakuna aliyetia shaka. Mtu amekwenda kumuuguza mama yake, nani wa kumlaumu?

Nimetumia jioni nyingi kusoma sheria yenyewe na maelekezo ya idara yao ya uraia na uhamiaji, USCIS, na nimeishia upande wa pili kabisa wa kikao chetu. Ile hela tunayoiogopa haina shida kama ilipokelewa kwa haki. Safari za nyumbani, tunazoziona ni wajibu tu wa mtoto, ndizo zinazoweza kumrudisha mtu nyuma kwa miaka. Na kuna mahali hela na safari hukutana. Hapo ndipo watu huungua.

Nianze na hela, kwa sababu ndiko iliko aibu. Mtu wa Kilimanjaro kukaa bila kazi ni jambo la kufichwa. Akiwa Marekani atasema kwenye simu kwamba "mambo yanaenda", hata kama wiki ya nne hajaingiza senti. Akipokea hela ya jimbo anajiona kama aliyekinga bakuli barabarani. Kwa hiyo hata anayejaza fomu ya uraia anatamani kuliruka jambo hilo, na hamu hiyo ya kuliruka ni ya hatari kuliko hela yenyewe.

Mafao hayo yalianzishwa kwa Sheria ya Hifadhi ya Jamii aliyoisaini Rais Franklin Roosevelt Agosti 1935, na ni bima. Anayeilipia ni mwajiri. Serikali ya shirikisho humtoza asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza za mshahara wa kila mfanyakazi kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa kodi ya jimbo kwa wakati kwa kawaida husamehewa asilimia 5.4, hivyo hubaki na 0.6, yaani dola 42 kwa kichwa. Juu ya hapo kila jimbo lina kodi yake, na hiyo ndiyo inayojaza mfuko wa mafao. Majimbo matatu tu, Alaska, New Jersey na Pennsylvania, humkata na mfanyakazi mwenyewe. Kwa hiyo mdogo wangu alipotandika vitanda vya hoteli, kila saa aliyofanya kazi mtu alikuwa akimlipia bima hiyo. Hoteli ilipofungwa, alidai kilichokuwa chake.

Na sisi Tanzania tunayo. Tangu mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya 2018, mwanachama anayepoteza ajira bila kutaka anaweza kulipwa theluthi ya mshahara wake kwa hadi miezi sita. Watu wengi walikasirika wakati ule, kwa sababu walitaka fao la kujitoa, wachukue michango yao yote waende kufungua duka. Nimeshiriki mabishano hayo kwenye ofisi zaidi ya moja hapa mjini. Sijasikia hata siku moja mtu akimwita mwenzake ombaomba kwa sababu amekwenda kwenye mfuko wa NSSF kudai fao. Sijui kwa nini mtu akivuka bahari tumhukumu tofauti.

Hofu ya baba mdogo ina chimbuko, hakuitunga. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kifungu kinachomzuia mtu anayeelekea kuwa mzigo kwa umma. Kifungu hicho humpima anayeomba viza, anayeomba grini kadi au anayeomba kuingia nchini. Hakimo katika masharti ya uraia. Kanuni iliyokipanua ilitangazwa 2019 chini ya utawala wa Trump, ikaanza kutumika Februari 2020, na ikafutwa Machi 2021. Angalia tarehe hizo. Kanuni imeanza Februari, hoteli zimefungwa Machi. Hofu na hela ziliingia katika nyumba za wahamiaji karibu kwa pamoja, na watu wakazifunga fundo moja. Wapo walioacha hata msaada wa chakula cha watoto. Lakini hata ile kanuni ya 2019, pamoja na ukali wake wote, haikuhesabu mafao ya kukosa ajira, kwa sababu yalionekana ni stahiki ya mtu aliyefanya kazi.

Kilichozidisha aibu ni kiasi chenyewe. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Julai 2020, Bunge lao liliongeza dola 600 kwa wiki juu ya fao la jimbo. Wahudumu wengi wa hoteli na migahawa walijikuta wanapata zaidi ya mshahara wao. Mdogo wangu hakutuambia hilo hadi mwaka jana. Alikuwa akituma hela nyingi kuliko kawaida, na sisi tukidhani amepandishwa cheo.

Sasa fomu. Fomu ya uraia, N-400, inataka historia ya kazi na masomo ya miaka mitano iliyopita. Miezi ambayo hukuwa na kazi unaandika hivyo hivyo, kwamba hukuwa na kazi, pamoja na tarehe. Hakuna kisanduku kinachosema "waliopokea mafao wasiendelee". Anayeunganisha tarehe za kazi mbili ili pengo lisionekane ndiye anayejitafutia balaa, kwani ofisa akilinganisha na rekodi za kodi ataliona pengo, kisha atauliza kwa nini lilifichwa. Kusema uongo chini ya kiapo ili upate uraia ni kikwazo kwenye sharti la kuwa na tabia njema hata kama uongo wenyewe ni mdogo. Na uraia uliopatikana kwa uongo unaweza kunyang'anywa miaka mingi baadaye. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema 2017, katika kesi ya Maslenjak, kwamba uongo huo lazima uwe ulichangia mtu kuupata uraia. Hata hivyo simshauri mtu yeyote aende kuupima mpaka huo kwa kutumia faili lake.

Kwenye kodi ndiko mhasibu ndani yangu anakoamka. Mafao yale yanatozwa kodi ya mapato ya shirikisho. Jimbo humtumia mtu karatasi ya 1099-G inayoonyesha alichopokea, na nakala huenda kwa mamlaka ya kodi. Kwa mwaka 2020 peke yake, mtu mwenye mapato chini ya dola 150,000 alisamehewa dola 10,200 za kwanza, na wengi wakaelewa kwamba fao lote halina kodi milele. Wakaacha kulitaja 2021. Huyo ndiye mtu ninayemwonea wasiwasi kwenye usaili, kwa sababu ya ritani, taarifa yake ya kodi ya mwaka, kuwa pungufu. Dawa yake ipo: rekebisha ritani, lipa kinachodaiwa au ingia mkataba wa kulipa kidogokidogo, beba ushahidi. Nimemwomba mdogo wangu anitumie ritani zake zote. Ziko sawa. Amekuwa mwangalifu kuliko wateja wangu wa Mbuyuni.

Kuna swali jingine kwenye fomu, nalo halina ukomo wa miaka mitano: je, umewahi kutoa maelezo ya uongo ili kupata fao lolote la umma? Neno la kushika hapo ni "umewahi". Aliyepokea kwa haki anajibu hapana na kulala usingizi. Aliyepata barua ya jimbo kwamba alilipwa zaidi, na barua hizo zilitoka kwa wingi baada ya korona, aangalie sababu iliyoandikwa. Kulipwa zaidi kwa hesabu mbaya za ofisi ni deni. Kulipwa zaidi kwa sababu ulikuwa unafanya kazi kimyakimya huku unadai huna ni udanganyifu. Huo ukifika mahakamani, ukatiwa hatiani, na hasara ikazidi dola 10,000, sheria ya uhamiaji huuweka kwenye kundi la makosa mazito, na hapo hatuzungumzii tena uraia kuchelewa, tunazungumzia grini kadi kuondoka na mtu kurudishwa.

Agosti 2025 USCIS ilitoa waraka unaowataka maofisa wapime tabia njema kwa mapana, wasiishie kuangalia kama mtu hana makosa. Waangalie pia mazuri yake: kazi ya kudumu na halali, kodi, elimu, kujitolea kwenye jamii, na kutunza familia. Mimi kipimo kinachoacha mengi kwa ofisa mmoja hakinipi raha, kwa sababu ofisa naye ana siku zake. Mtu mwenye mapengo ya kazi ni bora aende na karatasi zinazoonyesha pengo lilitokana na nini: barua ya kupunguzwa, maombi ya kazi aliyotuma, kozi aliyosoma. Kutunza familia kutajwa humo kulinifurahisha, hadi nilipokumbuka kwamba familia inayotunzwa iko kilomita nyingi sana kutoka Minnesota.

Hapo tunaingia kwenye safari.

Mwenye grini kadi wa kawaida anahitaji miaka mitano ya ukaazi usiokatika. Aliyeolewa na kuishi na raia, mitatu. Ndani ya miaka hiyo mitano lazima mwili wake uwe umekuwa Marekani angalau miezi thelathini. Hizo ni hesabu mbili tofauti na watu huzichanganya. Unaweza kuwa na miezi hamsini ndani ya nchi, hesabu ya pili umeivuka kwa mbali, lakini safari moja ndefu ikaivunja ya kwanza.

Safari isiyozidi miezi sita kwa kawaida haikatizi ukaazi, ingawa anayekuja miezi mitano, akarudi wiki tatu, akaja tena miezi mitano, ofisa atamuuliza anaishi wapi hasa. Ikizidi miezi sita bila kufika mwaka, sheria inachukulia kwamba ukaazi umekatika, mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Ikifika mwaka mzima, umekatika, hakuna maelezo, hata kama ulikuwa umeshika mkono wa mgonjwa kutwa kucha. Hapo unaanza kuhesabu upya tangu uliporudi, na unaweza kuomba baada ya miaka minne na siku moja, ingawa wapo wanaoshauriwa wasubiri miaka minne na nusu ili mabaki ya safari ile yasiwasumbue.

Kibali cha kurejea, kile cha miaka miwili ambacho lazima ukiombe ukiwa bado Marekani, kinakusaidia uingie tena nchini. Hakilindi hesabu ya uraia. Hili ndilo nimelisikia likipotoshwa kuliko yote, hata na watu walioishi kule muda mrefu. Na aliyekaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo anaweza kuchukuliwa, pale uwanja wa ndege, kama mtu anayeomba kuingia upya, na yale mambo ya mzigo kwa umma aliyoyasema baba mdogo yakafufuka kwa mlango wa nyuma. Kumbe hata hofu yake inahitaji safari ndefu ili ipate miguu.

Sasa tujiangalie sisi wa huku. Mtu wetu akija, kila tunachomwomba ni kidogo. Amekuja msibani, matanga yakiisha tunamwambia asiondoke kabla ya kikao cha ukoo. Kikao kikiisha kuna kipaimara cha mtoto wa dada, wiki tatu tu. Halafu mvua zimeanza, barabara ya juu mbaya, asubiri ikauke waende kuona mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Shangazi yangu ndiye bingwa wa shughuli hii. Yeye hajawahi kumwomba mtu akae miezi saba. Anaomba wiki mbili, kisha wiki mbili, na kila wiki mbili ina sababu ambayo ukiikataa unaonekana umeshakuwa Mzungu.

Safari ile ya kumuuguza mama ilifika karibu miezi saba namna hiyo hiyo. Hakuna siku hata moja mdogo wangu alikaa chini na kuamua kukaa miezi saba.

Kanuni zao zinaeleza ni nini kinaweza kumwokoa mtu kama huyo. Aonyeshe kwamba hakuacha kazi yake Marekani na hakuajiriwa nje. Aonyeshe kwamba familia yake ya karibu ilibaki kule. Aonyeshe kwamba nyumba yake ilibaki mikononi mwake, hakuipangisha ikawa ya wengine. Si lazima yote yawepo, ila kila moja lina uzito.

Tazama sasa pale mambo mawili yanapokutana. Mdogo wangu alikuwa amepunguzwa kazi miezi miwili kabla mama hajaanguka. Kwa akili ya nyumbani huo ndio wakati mzuri kuliko yote wa kuja: huna bosi wa kumwomba ruhusa. Kwa macho ya ofisa wa uraia ndio wakati mbaya, kwani ushahidi ule wa kwanza, wa kazi inayokusubiri, huna. Mafao aliyokuwa akipokea hayakumharibia chochote, lakini kule kukosa kazi kulimpunguzia nguvu ya kuitetea safari.

Tena mafao yenyewe yana sharti. Anayelipwa lazima awe na uwezo wa kufanya kazi, awe tayari kuanza ikipatikana, na awe anaitafuta. Kila wiki au kila wiki mbili anaingia kwenye mtandao wa jimbo na kuthibitisha hivyo. Mtu aliyekaa wodini KCMC hayuko tayari kuanza kazi Minneapolis Jumatatu. Wiki hizo hastahili kulipwa, hata kama simu yake ina bando na anatuma maombi ya kazi akiwa Kibosho. Mifumo ya majimbo mengi hukataa mtu anayeingia kutoka nje ya nchi, na hapo ndipo wajanja hutumia VPN ya kuficha mahali walipo, au humwachia rafiki neno la siri awajazie. Yote mawili huacha nyayo. Pasipoti ina muhuri wa KIA, fomu ya uraia inataka tarehe za safari, na rekodi za jimbo zinaonyesha wiki zilizodaiwa. Ofisa akiziweka karatasi hizo tatu mezani hahitaji upelelezi.

Mdogo wangu alipewa ushauri huo na rafiki yake wa kazini: niachie neno la siri, wiki zako nitazijaza mimi. Alikataa. Nilimsifia kwa uadilifu, akacheka, akasema aliogopa rafiki huyo angebaki na hela. Kwa vyovyote, aliacha kudai tangu siku aliyopanda ndege, na wiki za akiwa huku hazina malipo hata moja. Nimeona taarifa yake ya malipo mwenyewe. Nilishusha pumzi.

Kilichomwokoa upande mwingine ni kwamba mume na watoto walibaki kule, watoto walikuwa shuleni, kodi ya nyumba ililipwa kila mwezi kutoka akaunti ya pamoja, na bima ya gari haikukatwa. Na kuna jambo moja alilikataa ambalo wakati ule tulimwona ana maringo. Mjomba alikuwa amemtafutia nafasi kwenye hoteli moja ya watalii Arusha, mapokezi, ya muda tu, apate hela ya dawa za mama. Kiingereza chake kingewafaa sana. Angeikubali, karatasi moja ya mshahara kutoka Arusha ingetosha kumwambia ofisa kwamba amehamia.

Kwa hiyo safari ile ya miezi saba ina utetezi, na utetezi ni lazima uende na faili siku ya usaili, usisubiri kuulizwa. Barua za hospitali zenye tarehe za kulazwa, ripoti za shule za watoto, mkataba wa nyumba, taarifa za benki. Naamini zitatosha. Nisingemwambia mtu asiye na mume na watoto kule kwamba zitatosha. Huyo ningemwambia aone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipa ada, maana ada ya N-400 kwa sasa ni dola 710 ukiomba kwa mtandao na 760 kwa karatasi, na ukikataliwa hairudi.

Kuhesabu siku kulituchukua muda kuliko nilivyodhani. Fomu inataka kila safari ya zaidi ya saa 24 ndani ya miaka mitano. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote zinahesabiwa kwamba ulikuwa ndani, jambo linalomfaidisha msafiri. Kuvuka kwenda Kanada na kurudi siku hiyo hiyo hakuingii. Ukiwa huku, kwenda Taveta kupitia Holili kwa harusi hakuongezi wala kupunguza, ulikuwa nje tayari, ingawa Kenya inabidi itajwe kwenye nchi ulizofika. Marekani siku hizi mara nyingi hawagongi muhuri kwa mwenye grini kadi, kwa hiyo mihuri yetu ya KIA ndiyo iliyotupa tarehe, pamoja na tiketi zilizobaki kwenye barua pepe. Ukibadilisha pasipoti, ile ya zamani usiitupe, maana mihuri ya safari za nyuma imebaki humo.

Mtihani wa historia na uraia sitaugusa sana. Walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 wanaulizwa maswali hadi 20 kutoka orodha ya 128 na wanatakiwa kupata 12. Mdogo wangu anayakariri akiosha vyombo. Hilo silihofii.

Ninalolihofia liko upande wetu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Siku anayokula kiapo kule kwa hiari yake, huku anakoma kuwa Mtanzania. Na Sheria ya Ardhi, ilivyopitishwa 1999, ilisema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Serikali imekuja na mpango wa hadhi maalum kwa diaspora, na ni jambo jema, lakini hadhi maalum si uraia. Kwa mtu wa Dar mwenye kiwanja Bunju hili ni suala la hati. Kwa sisi ni kihamba, mahali walipozikwa babu na bibi, kati ya migomba. Mtu akiwa hawezi kurithi hapo kwa jina lake, vikao vya ukoo hubadilika sauti. Tena akija msibani baada ya kiapo, atalipa dola 100 za viza kama mtalii anayepanda mlima, na foleni yake KIA itakuwa ile ya watu wenye kofia za jua.

Baba mdogo aliposikia hayo alisahau habari ya mafao kabisa. Amesema suala la kihamba litajadiliwa na wanaume wa ukoo. Nimemkumbusha kwamba mimi na mdogo wangu ndio tunaolipa anayekitunza, na sote ni wanawake. Mazungumzo hayo bado yanaendelea, na yana joto.

Huku hayo yakisubiri, mdogo wangu ameniuliza swali la mwisho: akishatuma fomu, anaweza kuja Krismasi? Anaweza. Ila masharti ya ukaazi yanaendelea kumbana hadi siku ya kiapo, hayaishii siku ya kutuma fomu. Barua ya alama za vidole au ya usaili inaweza kufika nyumbani kwake akiwa huku, na kukosa usaili bila taarifa kunaweza kufunga faili. Sasa ana kazi mpya, yenye likizo fupi, na kazi hiyo anaihitaji kwenye faili pia.

Shangazi anataka aje Krismasi akae mpaka Pasaka, kwa sababu harusi ya mwanawe iko wiki ya pili baada ya Pasaka, na haoni maana ya kwenda na kurudi. Nilimweleza kwamba Krismasi mpaka baada ya Pasaka ni karibu miezi minne, sheria ya Marekani haina neno, bosi ndiye ana neno. Nikamwambia atakuja wiki mbili, na tiketi ya kurudi imeshalipiwa. Alininyamazia siku kadhaa. Jumapili baada ya misa akaniambia amekubali, kwa sharti kwamba mtu asiyekuja kukaa, ahadi yake kwenye kadi ya mchango inaandikwa mara mbili, na aitume kwa dola.